Ukurasa wa Tabaruku

Asubuhi ile mtoto alimwita baba yake "mjomba", na wote mezani wakacheka.

"Mjomba, nipe sukari," alisema. Alikuwa na miaka saba na pengo la jino la mbele. Mama yake akamwambia utani ukizidi unachosha, baba akamsogezea sukari, chai ikanywewa. Hakuna aliyegundua kwamba mtoto mwenyewe hakucheka.

Baba huyo mtaani walimwita Profesa, na walimwita hivyo kwa kejeli, maana chuo alikiona kwa nje tu. Lakini chumba chake cha uani kilijaa tasnifu za wasomi kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Alizipata kwa maktaba zinazopunguza makabati na kwa wajane wanaotoa vitu vya marehemu. Alikata uti wa kitabu kwa mashine, akazilisha karatasi kwenye skana, akaweka faili kwenye tovuti yake, na mwanafunzi yeyote mvivu akanunua. Kurasa za mbele hakuziacha hata siku moja. Jina la mwandishi, tamko kwamba kazi ni yake, haki miliki, tabaruku ya kumtunukia mtu kazi, shukrani kwa mama na baba na mke aliyevumilia, vyote vilikwenda kwenye pipa la taka. Mteja anataka kazi safi ili aweke jina lake.

"Sipunguzi kitu," alipenda kusema. "Kinachobaki ni kilekile."

Waandishi wachache waligundua wakamlalamikia. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, mhadhiri mstaafu, aliyemwandikia mara tatu kuhusu tasnifu yake ya maneno ya waganga wa zamani, akimsihi aiondoe haraka. Profesa barua ya kwanza aliisoma, ya pili akaicheka, ya tatu akamfungia kabisa asimwandikie tena. Mimi simwonei huruma mtu wa namna hii, na nasema mapema. Huruma yangu yote iko kwa mtoto.

Baada ya "mjomba" ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya karatasi mbichi, na ndani yake kitu kama nywele zinazoungua. Mke alipiga deki mara mbili, akafungua madirisha, ikagoma kutoka. Kisha adhuhuri moja akasikia karatasi zikichanwa kule uani, polepole, moja baada ya nyingine.

"Baba watoto, unachana nini huko?" aliuliza kutoka jikoni.

"Niko sebuleni mimi," Profesa akajibu.

Mke akatoka na mwiko mkononi. Wakatazamana, na kule uani sauti ikaendelea bila haraka yoyote.

"Panya," Profesa alinong'ona.

"Panya gani anapumzika kila baada ya karatasi?"

Siku ya tatu yake Profesa alikwenda kumchukua mtoto shuleni. Mtoto alimwona getini, akarudi nyuma, akashika sketi ya mwalimu wake kwa mikono miwili.

"Si baba huyu?" mwalimu akauliza.

"Simjui," mtoto akasema. Profesa alipomsogelea akaanza kupiga mayowe, mpaka akajikojolea mbele ya wenzake. Mwalimu akamweka Profesa nje ya geti, akampigia mama simu kwa sauti ya chini, na walinzi wawili wakasimama pembeni yake hadi mama alipofika.

Profesa alirudi nyumbani nyuma yao. Ilikuwa saa nane, jua kali, uani hakuna hata kivuli, naye akasukuma mlango wa chumba chake akakuta karatasi zimetulia na skana imezimwa, ila sauti ya kuchana ilikuwa mle mle, kushoto kwake, kisha karibu zaidi, na harufu ya nywele ikazidi, na alipogeuza shingo akaona nyuma ya mlango kitu kirefu kimechuchumaa kikimpa mgongo, magoti yamepita mabega, kinachana kitu ambacho hakikuwa karatasi, kwa uangalifu mkubwa, na kila kilipochana alimsikia mwanawe ndani ya nyumba akikohoa kidogo, halafu kikanyoosha mkono bila kugeuka, kikapanga vipande sakafuni, na katika vipande hivyo Profesa akajiona mwenyewe, amebeba kichanga hospitalini, anashikilia baiskeli mtoto asianguke, anamkata kucha, vyote vimekatwa ukingoni sawasawa kama anavyokata yeye. Aliinama kuviokota. Vikawa majivu.

Kesho yake, akikumbuka zile barua tatu, alikwenda kwa mhadhiri mstaafu. Alimkuta akipanga vidonge vyake vya presha kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku saba. Mama yule hakumkaribisha kiti.

"Mama, nisamehe. Naiondoa leo hii. Haki miliki yako nai..."

"Ulidhani nalilia haki miliki?" Akafunga chumba cha Jumanne. "Nilikuwa nakuonea huruma, mwanangu."

Akamweleza. Baba yake mzazi alikuwa mganga, na maneno yale yalikuwa na mwenyewe, pepo. Mhadhiri alipoanza kuyaandika, pepo huyo alimjia akamkalia miaka minne, akamharibia mimba mbili, mpaka wakaelewana: maneno yaandikwe, lakini ukurasa wa tabaruku uwe na jina lake, katika kila nakala, siku zote. Jina lenyewe sitaliandika hapa, bado nina akili zangu.

"Wewe ukamtupa kwenye pipa," mama akasema. "Basi naye ametoa ukurasa wa mbele wa mwanao. Mtoto mzima, anakula, anasoma, anacheza. Uliyetolewa ni wewe tu."

Profesa akapiga magoti. "Mtoe, mama. Maneno yake unayajua."

"Nikimtoa kwako ataenda wapi? Atarudi kwangu. Mimi nimezeeka, siwezi tena kuishi naye." Akamkabidhi nakala ya ukurasa ule mmoja. "Wapelekee wote walionunua waurudishe mahali pake. Kila nakala, umenielewa?"

Walionunua walikuwa arobaini na mmoja. Profesa aliwaandikia, akawapigia, akalia kwenye simu. Wengi hawakujibu. Wengine walikuwa wamekwisha kuvaa joho na kupiga picha. Mmoja alikasirika: "Kazi ya nani? Hiyo ni kazi yangu, nilikesha nayo!" Ni mwanafunzi mmoja tu wa uuguzi aliyeogopa, akauweka ukurasa mbele, akamtumia picha kuthibitisha. Harufu ikatoka nyumbani saa ileile.

Profesa akampigia mhadhiri kwa furaha.

"Umemrudishia nakala moja katika arobaini na moja," sauti ya mama ikasema. "Naye atakurudishia siku moja katika arobaini na moja, mpaka jua litue. Hadhulumu yule. Shukuru kwa hiyo moja."

Ikabidi maisha yaendelee. Mtoto alikuwa hapati usingizi kwa hofu ya mwanamume asiyemjua anayezunguka ndani, hivyo mke akatoa wazo huku akikwepa macho ya mumewe.

"Tumwambie wewe ni mpangaji. Ulale uani. Angalau atanyamaza."

Akawa mpangaji. Mtoto alizoea, akimkuta bombani anamwamkia kwa adabu na kupita mbali.

Siku yenyewe iliangukia Jumamosi. Mlango wa uani uligongwa asubuhi.

"Baba! Mbona unalala huku? Ulienda wapi siku zote hizi?"

Profesa alimkumbatia hadi mtoto akalalamika mbavu. Walicheza, wakaendesha baiskeli, akamkata kucha zilizokuwa zimekua. Mama aliwatazama kutoka dirishani, kitenge kimejaa kinywani asisikike analia. Alasiri ilipoanza kupungua, Profesa alichukua kalamu ya wino mzito, akamshika mtoto kiganja, akaandika kwa herufi kubwa: HUYU NI BABA YANGU.

"Usiyafute, mwanangu," alimwambia. "Ukisahau, soma hapo. Umeahidi?"

"Naahidi, baba. Lakini siwezi kukusahau." Akasinzia mapajani kwake, na Profesa hakuthubutu hata kujikuna.

Jua lilipotua alihisi mwili ule mdogo ukikakamaa. Mtoto alifumbua macho, akamtazama, akatazama kiganja chake. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, kama walivyofundishwa darasani. Kisha akajinyofoa mapajani.

"Mama!" akapiga mayowe. "Mama, njoo! Mpangaji amenishika, ameniandika uongo mkononi!"

Majirani wakachungulia ukutani. Mama alikuja mbio, akambeba mtoto bila kumtazama mumewe, akampeleka bombani, akamsugua kiganja kwa sabuni na dodoki, machozi yakimtoka, mpaka maneno yote yakafutika.