Mkanda wa Mwenye Nyumba

Katika nyumba hiyo, kila asubuhi ilianza kwa mtoto kulia. Kisha baba wa mtoto alilalamika kwamba hajalala. Mama wa mtoto hakulalamika. Yeye ndiye aliyekesha.

Mama huyo alikuwa mwigizaji. Mtaani watu walimwita Mwenye Nyumba, na jina hilo lilitoka jukwaani. Katika mchezo wa kikundi chao aliigiza mzee mmoja bahili, mwenye nyumba za kupangisha, anayewagongea wapangaji wake milango alfajiri. Alibandika masharubu ya bandia. Alivaa koti la kiume. Ndani ya koti alikibana kifua kwa mkanda mpana wa mpira, ili aonekane mwanamume. Akikohoa tu, ukumbi mzima ulicheka. Hakuna mwingine aliyeiweza kazi ile.

Mumewe alikuwa mpiga ngoma wa kikundi hicho hicho. Binti yao alikuwa na miezi mitatu.

Siku waliporudi mazoezini, mume alipigwapigwa mabegani. "Hongera, baba. Sasa umekuwa mtu mzima." Mwongozaji wa kikundi alimshika mkono kwa furaha. Kisha akamgeukia mke. Hakumpa hongera. Alimuuliza, "Mtoto umemwacha na nani?"

Msomaji, hebu tusimame hapo kidogo. Mtoto ni mmoja. Wazazi ni wawili, na wote wawili wamesimama mlangoni bega kwa bega. Kwa nini swali limwendee mmoja tu? Mimi jibu sijalipata mpaka leo, na kila nikilifikiria swali hilo damu inanichemka.

"Yuko na bibi yake," mama alijibu.

"Vizuri. Lakini utaratibu wetu unaujua. Tukianza, komeo linashuka."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kikundi. Mchezo ulipitiwa wote, mwanzo mpaka mwisho, mlango umefungwa kwa ndani. Mtu akikosea, wote wanarudia. Siku nyingine walitoka humo jua limeshaanza kuzama. Mwongozaji aliuonea fahari sana utaratibu huo. Alisema ndio unaotofautisha wasanii na watu wa mchezo mchezo.

Saa zilipita. Matiti ya mama yalijaa, yakauma, na maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Koti la mzee bahili likalowa mbele. Waigizaji wawili walicheka. Mwongozaji hakucheka.

"Mzee gani huyu anatoka maziwa?" alisema. "Mama Sindano, fanya kitu."

Mama Sindano alikuwa fundi wa mavazi, mwanamke wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Alimpeleka mama nyuma ya pazia. Akaukaza ule mkanda wa mpira, akauzungusha mara ya pili, akaukaza tena.

"Vumilia, mdogo wangu," alisema. "Ukibana hivi hayatoki."

Kweli hayakutoka. Koti lilikauka, na kila mtu akaona tatizo limekwisha. Kila mtu isipokuwa mwenye matiti.

Jioni mama alifika nyumbani mbio mbio na kumchukua mtoto. Mama mkwe akamzuia.

"Usimpe hayo, mwanangu. Yamekaa kifuani kutwa nzima. Yameshachacha. Yamwage, sisi tumpe maziwa ya kopo."

"Kweli yanachacha, mama?"

"Sisi tuliambiwa hivyo na mama zetu."

Mume aliongeza, "Mama amelea watoto watano. Anajua anachosema."

Basi mama akakamua kidogo, kwa maumivu, akamwaga. Mtoto akapewa maziwa ya kopo. Yalimsumbua tumbo, akalia mpaka sauti ikakauka. Siku zilizofuata zikawa hivyo hivyo: asubuhi mkanda, jioni kumwaga.

Jioni moja mume alisema kwa upole, "Mama mtoto, kwa nini usipumzike na jukwaa? Mwaka mmoja tu. Mimi nitaendelea."

"Na nafasi yangu?"

"Watampa mtu aishike kwa muda."

Mama alijua kwamba nafasi ya jukwaani haiazimwi. Leo mwingine anavaa masharubu yako, kesho watu wanamcheka yeye, na kesho kutwa hakuna anayekuulizia. Ile kazi aliijenga mwenyewe kwa miaka, kikohozi kwa kikohozi. Sasa aliambiwa aitoe kwa upole, kama mtu anayeombwa kiti. Naye mume aliyeshauri hivyo hakufikiri hata mara moja kwamba ngoma nazo zinaweza kupumzika mwaka mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumuuliza, basi.

Asubuhi iliyofuata mama hakuweza kuinuka. Titi la kushoto lilikuwa gumu, jekundu, linawaka moto. Alitetemeka kwa homa. Mtoto alilia bila kunyamaza. Jirani yao wa chumba cha pili alikuwa nesi katika kliniki ya akina mama. Aliposikia kilio kile akabisha hodi. Alimwamkia mama mkwe, akaketi kitandani, akamtazama mgonjwa. Mistari ya mkanda ilikuwa bado imechorwa mwilini.

"Nani amekufunga hivi?"

"Ni mkanda wa kazi," mama alisema. "Ili maziwa yasitoke."

Nesi alivuta pumzi ndefu. Alikuwa amekasirika, lakini hasira yake haikuwa kwa mgonjwa.

"Jirani, sikiliza. Titi likijaa na lisipotolewa maziwa, mirija yake inaziba. Ukilibana, inaziba zaidi. Ndiyo maana limevimba, na ndiyo maana una homa. Hili si la kusubiri. Nakupeleka kliniki sasa hivi, maana huenda ukahitaji dawa."

"Na mtoto?"

"Mnyonyeshe kabla hatujatoka."

"Titi hili hili?"

"Hilo hilo, na lingine pia. Mtoto akinyonya, ndipo linafunguka. Ukiacha ghafla, ugonjwa unazidi. Maziwa yako hayamdhuru."

Mama mkwe alisogea karibu. "Lakini hayo yamekaa, binti yangu."

"Titi si sufuria, mama," nesi alisema kwa heshima. "Maziwa hayachachi ndani ya mwili. Yanachacha yakishatoka, yakiachwa vibaya. Mtoto wa umri huu anatakiwa apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita."

Mama mkwe akasema taratibu, "Basi sisi tulimwaga mengi." Sauti yake ilikuwa na uchungu.

Kliniki walimpa mama dawa, wakamwambia azimalize zote hata akijisikia nafuu. Waliporudi alimwambia nesi jambo lililomuumiza kuliko titi. "Wote wananitaka nichague. Mtoto au jukwaa."

"Usichague. Kamua," nesi alisema. "Nitakuonyesha."

Alimwambia anawe mikono kwa sabuni. "Kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, minya, achia. Usiivute chuchu. Ukiona inauma, unakosea. Maziwa yaingie kwenye chombo safi chenye mfuniko. Yakiwa kivulini, mahali pasipo joto kali, yanakaa kwa muda wa saa nne. Kwenye friji yanafika hata siku nne. Usiyachemshe. Weka kikombe ndani ya maji ya uvuguvugu, yatapata joto. Mtoto mpe kwa kikombe kidogo, polepole, amepakatwa wima. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa."

"Na nani atampa nikiwa kazini?"

"Yeyote mwenye mikono misafi." Nesi alimgeukia mume. "Nasikia hata wapiga ngoma wana mikono."

Mume alicheka kwa aibu, lakini alienda kunawa.

"Ukiwa mazoezini," nesi aliendelea, "titi likianza kujaa, toka ukakamue. Kila baada ya saa tatu hivi. Usingoje liwe gumu. Na ule mkanda uachane nao."

"Siwezi kutoka. Mlango unafungwa kwa komeo."

"Basi kinachotakiwa kubadilika ni mlango, si wewe."

Mama alipopona alirudi mazoezini bila mkanda. Alisimama katikati ya jukwaa, mbele ya wote, akamwambia mwongozaji anahitaji mapumziko ya kukamua na chumba chenye mlango.

Mwongozaji alikunja uso. "Hapa si kliniki. Kama kazi imekushinda, sema tutafute mwingine. Wengine walijifungua kabla yako na hawakulalamika."

"Wengine gani?" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Mama Sindano alijitokeza, nguo na sindano mkononi. "Wataje."

Mwongozaji alimpungia mkono arudi nyuma ya pazia.

"Ni mimi," Mama Sindano alisema. "Mwingine hakuna. Nilikuwa mwigizaji hapa kabla wewe hujaja. Nilijifunga mkanda ule ule. Nikaugua, maziwa yakakatika, nikaambiwa nipumzike kidogo. Niliporudi nafasi imejaa, nikapewa sindano. Na kila mtu anasema niliacha kwa hiari yangu. Hakuna aliyeniuliza. Halafu mimi mwenyewe nikaja kumfunga huyu vile vile, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa. Sitaki tena."

Ndipo mume wa Mwenye Nyumba akaweka fimbo za ngoma chini.

"Mimi pia nina mtoto," alisema. "Mtoto yule yule. Mbona mimi hujaniambia nichague?"

"Wewe ni mpiga ngoma."

"Na huyu ndiye anayewaleta watu ukumbini. Hakuna anayekuja kuniona mimi. Leo naomba uniulize na mimi, mtoto nimemwacha na nani. Na komeo likishuka, mimi nitakuwa nje."

Ningependa kuandika kwamba mwongozaji alitubu. Hakutubu. Aliutazama mlango, akaitazama ngoma isiyo na mpigaji, akaona kwamba hana mchezo. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi tuwe na mapumziko katikati. Nawahurumia."

"Hatuombi huruma," mama alisema. "Tunaomba mapumziko. Na chumba."

Chumba kilipatikana siku hiyo hiyo. Kilikuwa kile kidogo cha kuwekea mapazia mabovu. Waigizaji walikifagia, wakaweka kiti, maji, sabuni na ndoano ya kufungia kwa ndani. Kumbe kupata nafasi hiyo kulihitaji ufagio tu. Miaka yote ile, ufagio tu.

Nyumbani mambo yalibadilika pia. Siku za mazoezi ya maneno, ambayo hayana ngoma, baba ndiye aliyebaki na mtoto. Mara ya kwanza nusu ya maziwa yaliishia kwenye shati lake. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwonyesha jinsi ya kuinamisha kikombe. Baada ya wiki kadhaa baba alikiweza. Mtoto aliacha kusumbuliwa na tumbo, mashavu yakajaa. Siku ya kumpima uzito, nesi aliutazama mzani, akampongeza baba na mama pamoja.

Mama Sindano alilipanua koti na kushona kitambi cha pamba ndani yake. "Bahili anakula vya wapangaji wake," alisema. "Lazima anenepe." Kifua hakikubanwa tena, na watu walicheka zaidi. Naye Mama Sindano akaomba nafasi ya kuigiza. Alipewa ya mpangaji anayekataa kuhama, na hakuna aliyehitaji kumfundisha jinsi ya kukataa.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mchana kweupe. Mapumziko yalipofika, mama mkwe alimleta mtoto. Mapumziko yalipokwisha, mwongozaji alikwenda kwenye kile chumba kidogo. Alibisha hodi.

"Watu wanangoja," alisema.

"Mtoto hajamaliza," mama alijibu kutoka ndani.

Mwongozaji akapanda jukwaani peke yake, mbele ya ukumbi mzima.

"Mabibi na mabwana," alisema, "Mwenye Nyumba yuko kazini. Tutaanza akimaliza."

Watu wakakaa, wakasubiri.