Kipande cha Mgeni

Kila Ijumaa, mimi na Mama tukitoka kanisani hupitia kwa Bibi Roselyne, jirani yetu katika jengo letu la Al Thumama, hapa Doha, ambako ibada huwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Bibi Roselyne ni Mfaransa aliyefundisha Kisumu miaka mingi. Kiswahili chake ni sanifu kuliko changu, jambo ambalo Mama hachoki kunikumbusha.

Ijumaa moja ya Januari 2014 alikuwa ameoka mkate mtamu wa kuwakumbuka mamajusi waliomzuru mtoto Yesu. Alitueleza kuwa kwao hufichwa ndani yake kidoli cha udongo, kidogo kama harage, na anayekipata huvishwa taji la karatasi. Mdogo kuliko wote hukaa chini ya meza na kutaja nani apewe kipande kipi, pasiwe na upendeleo. Tena hukatwa kipande kimoja zaidi, cha mgeni yeyote atakayebisha hodi.

Tulikuwa watatu, basi vikakatwa vinne. Nikajipenyeza chini ya meza, nikataja majina, la mwisho likiwa "mgeni". Kipande hicho kikawekwa jikoni.

Nilimaliza changu bila kupata kitu. Mama na Bibi walikuwa bado wanapiga soga huku wakitafuna taratibu. Nami nililitaka lile taji kufa na kupona. Nikajifanya napeleka sahani jikoni, nikakichokoa kipande cha mgeni mpaka kidole kikagusa kitu kigumu. Nikarudi nikidai kwamba kidoli kilikuwa kwenye tonge langu la mwisho. Wakanipigia makofi, nikavishwa taji.

Mara hodi. Alikuwa Anko Silvesta, mlinzi wa lango letu, mwenyeji wa Bungoma, ameleta barua za Bibi. Akakaribishwa, akaelezwa desturi ya kidoli na kipande cha mgeni, akapewa sahani yake. Kipande kilikuwa kimebomoka vibaya, lakini alikila chote, makombo pia.

"Asanteni sana," alisema, machozi yakimlengalenga. "Miezi saba niko Doha, na leo ndiyo mara ya kwanza nakuta nimewekewa chakula hata kabla sijabisha."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilivua taji, nikamwekea mkononi.

"Ni lako, Anko," nikasema. "Kidoli nilikitoa kwenye kipande chako. Nisamehe."

Alinitazama kidogo, kisha akacheka na kulivaa juu ya kofia yake ya kazi. Alinishukuru kwa kusema kweli, akatushukuru tena sote, akarudi langoni nalo kichwani.

Mama alikuwa amenikazia macho, nikajua nyumbani kuna maneno. Bibi Roselyne ndiye aliyetangulia kusema, tena kwa upole.

"Melissa, nimefurahi umemrudishia. Silvesta hulinda vitu vyetu tukiwa hatupo. Nasi tulinde chake, hasa akiwa hayupo."