Mwenyekiti Akabidhi Zamu

Kila asubuhi chai ya Mwenyekiti ilipoa mezani. Alikuwa mama wa watoto wawili, tena mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Wanafunzi wenzake wa shahada za juu walikuwa wamemchagua kuongoza chama chao. Tangu siku hiyo, hata mume wake alimwita kwa cheo.

"Mwenyekiti, simu inalia tena," mume alisema. "Au niipokee mimi, niwe makamu?"

"Makamu ninaye," alijibu akicheka. "Ila kazi naifanya mimi."

Ilikuwa kweli. Aliandika barua, akapanga viti vya mkutano, akafuta na ubao. Makamu wake, mhandisi mtulivu aliyeitwa Mpole, aliwahi kubandika tangazo kwenye mlango wa maktaba. Lilikaa upande kidogo. Mwenyekiti alilibandua, akalibandika upya. Mpole aliona. Tangu hapo hakujitolea tena kwa kazi yoyote.

Kisha mambo mawili yakagongana. Mkuu wa chuo alipanga asubuhi moja ya kusikiliza malalamiko ya chama kuhusu maktaba. Ilikuwa ikifungwa mapema mno, kabla ya wanafunzi wanaofanya kazi mchana kufika. Asubuhi hiyohiyo, Mwenyekiti alitakiwa kuwasilisha utafiti wake mbele ya walimu. Alikuwa ameshaahirisha mara mbili. Msimamizi wake alimwambia waziwazi: "Ukiahirisha tena, nafasi yako atapewa mwingine."

Jioni, wifi yake alipita kuwasalimu. Alikuwa muuguzi, naye alikuwa ametoka zamu.

"Nitaahirisha tu, wifi," Mwenyekiti alisema. "Mpole huongea polepole. Mkuu atasinzia kabla hajafika katikati."

"Hebu niambie. Mimi nikitoka wodini, wagonjwa hufa wote?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi wewe unataka uwe bibi arusi, mpambaji na mpiga picha. Arusi gani hiyo?"

Walicheka. Kisha wifi akaweka kikombe chini.

"Sisi hatuondoki kimyakimya. Tunapita kitanda kwa kitanda. Namweleza anayeingia: huyu ana homa, yule akibadilika mwite daktari. Naye hunirudishia kwa maneno yake. Nikisikia pengo, naliziba. Halafu naenda nyumbani. Sirudi kuchungulia dirishani."

"Na akikosea?"

"Nitasema naye ana kwa ana. Simfuati nyuma nikitandika upya vitanda alivyotandika."

Mwenyekiti alikumbuka lile tangazo.

Kesho yake alimwita Mpole katika chumba cha chama.

"Ndugu yangu, lile tangazo nilikukosea. Nisamehe."

"Tangazo gani?" Mpole aliuliza, lakini tabasamu lilimsaliti.

Mwenyekiti alimweleza chama kinaomba nini, kinaweza kulegeza wapi, na ahadi gani asiitoe. "Sasa nirudishie," alisema.

Mpole alirudisha yote, polepole, bila kuacha kitu. Kisha akasema, "Umesahau jambo moja."

"Lipi?"

"Wewe huja mchana. Mimi hutoka kazini mbio, nikamkuta mlinzi anafunga mlango. Nitamwambia Mkuu habari za mlango huo."

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. "Hilo nisingeliweza kulisema mimi. Nenda."

Siku ilipofika, alizima simu, akasimama mbele ya walimu. Maswali yalikuwa magumu. Aliyajibu moja baada ya jingine, akapita. Alipotoka, msimamizi alimpa mkono. Aliwasha simu. Hapakuwa na ujumbe wowote. Kidole chake kilikwenda kwenye namba ya Mpole. Akakumbuka dirisha la wodi. Akaitia simu mfukoni, akaenda kunywa chai, nayo ilikuwa ya moto.

Wiki iliyofuata, alifika maktaba giza likiingia. Taa zilikuwa zinawaka. Mlangoni palikuwa na tangazo jipya: maktaba sasa itakuwa wazi hadi saa nne usiku. Mpole ndiye aliyelibandika, na lilikuwa limekaa upande.

Mkono wa Mwenyekiti uliinuka wenyewe. Akautazama, akaushusha.

Ndani, Mpole alikuwa ameinamia kitabu chake, wala hakugeuka. Mwenyekiti alivuta kiti taratibu, akafungua kitabu chake.