Mama Usafi na Kiota cha Kinamasini

Alfajiri, kabla jirani hajafungua mlango, Mama Usafi alikuwa ameshafagia uwanja na kumwaga taka. Msidhani alikuwa mama wa mtu! Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, na wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa yeye na taka walikuwa paka na panya.

Siku moja shule ilikwenda kusafisha kinamasi cha katikati ya mji, kimbilio la ndege nyuma ya gereji. Kundi litakalofanya kazi nzuri kuliko yote lingewaongoza wageni siku kinamasi hicho kitakapofunguliwa kuwa bustani. Mama Usafi aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

Kundi lake liliopoa chupa, mifuko, hata godoro bovu. Kisha akashika mundu. "Sasa tufyeke matete. Nataka pawe peupe!"

Alipofyeka kidogo tu, ndege mweusi mwenye mdomo mwekundu alichomoka akipiga kelele. Kumbe katikati ya matete palikuwa na kiota chenye mayai.

"Tukihamishe," alisema rafiki yake, Kijiko. "Waone wenzetu, kwao kweupe pe! Sisi tutaitwa wavivu."

Wavivu! Neno hilo lilimchoma Mama Usafi. Lakini ndege alizunguka majini akilia, wala hakuenda mbali.

"Hapana, hii ni nyumba ya mtu," alisema. "Weka mundu chini, tusogee arudi."

"Basi tumekwisha," Kijiko alinuna.

Mchana mtunza bustani alipita na mwalimu kukagua.

"Leo Mama Usafi kaacha pori!" wenzao walicheka. Machozi yalimlengalenga.

"Mbona hapa hamkumaliza, binti?" mtunza bustani aliuliza.

"Tumemaliza, baba. Taka zote tumetoa. Matete si taka, mna mayai humo."

Mtunza bustani aliinama, akachungulia. Ndege alikuwa amerudi, ameyalalia mayai yake. Mtunza bustani aligeuka upesi kwa mwalimu. "Simamisha ufyekaji kote! Nilipaswa kuwaambia mapema. Na wageni wataongozwa na hawa."

Kisha akawaambia wanafunzi wote, "Bidii ni jambo jema, wanangu, lakini fanyeni kazi macho yakiwa wazi. Anayejua pa kuachia naye ni mchapakazi."

Kijiko alipiga kelele za shangwe. Mama Usafi, kifua mbele, akamziba mdomo.

"Shhh! Kuna mzazi hapa."