Hatua Kumi na Tano ya Sajini Swadiki

"Ng'oa hiyo pegi! Leo hii, sasa hivi, ng'oa!"

"Baba, sing'oi."

"Unasema nini?"

"Nasema sing'oi. Ni pegi ya kazi."

"Kazi! Mimi nilibeba wewe kwa bega, nikasomesha wewe mpaka Kampala. Leo unarudi kupigia mimi pegi kama mimi ni mwizi ya barabara?"

"Baba, nyumba haiko bado. Iko shimo ya msingi tu. Ndiyo maana nasema mapema."

Mama akatoka jikoni, mwiko iko kwa mkono. "Nyinyi wawili! Mpaka watu ya kule mtaa ya Ombaci iko nasikia. Swadiki, shusha sauti. Na wewe Shakira, baba yako ni baba yako."

Fundi Jale alikuwa amekaa juu ya matofali, anakula muhogo ya kuchoma. Akauliza, "Afande, mimi nichimbe ama nisichimbe? Jua iko napanda."

"Chimba!" Baba akasema.

"Usichimbe," dada yangu akasema.

Jale akauma muhogo. "Sawa. Mimi naendelea na kazi ya kukaa."

Mimi ni Yasiri, mutoto ya mwisho kwa hii nyumba. Shule nilimaliza mwaka ule, nikawa nyumbani tu, miguu inawasha. Nilikuwa nataka kuenda Koboko, kwa watu ya Baba, nifanye biashara ya mpaka. Lakini Baba alisema, "Hakuna mutu anatoka hapa kabla nyumba haijapata bati." Basi nilibaki, na ndiyo maana niliona mambo yote.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imechoka. Mvua ilikula ukuta ya upande ya mashariki. Usiku mvua ikinyesha, Mama anaweka beseni mbili kwa kitanda, moja ya kichwa, moja ya miguu. Tulichoma matofali kiangazi mbili. Simenti ilikuwa imefika. Baba alitaka nyumba mpya iwe na bati kabla mvua irudi. Ikichelewa, ile ukuta inaweza kuangukia mutu amelala.

Sasa dada yangu Shakira ni tekinishani kwa ofisi ya mipango ya jiji, pale Arua Hill. Kazi yake ni kupima na kuchora. Anajua barabara itapita wapi, mtaro ya maji itapita wapi, shule itakaa wapi. Asubuhi ile alikuja na watu ya ofisi, wanapima barabara yetu yote. Kila mahali wanapiga pegi nyekundu ya mti. Walipofika kwetu, pegi haikuanguka mbele ya shimo ya Baba. Ilianguka nyuma yake. Maana yake, nyumba mpya yote ilikuwa ndani ya barabara.

"Mimi nilipima!" Baba akasema. "Nilienda kwa mkutano ya watu ya jiji. Walisema kutoka katikati ya barabara, mita kumi na tano, usijenge. Mimi nikapima kumi na tano. Nikachimba. Kosa yangu iko wapi?"

"Ulipima na nini?" Shakira akauliza.

Baba akaangalia yeye kama ameuliza jua inatoka wapi. "Na mguu. Na nini ingine?"

Hapa lazima nielezee kidogo. Baba yangu alikuwa sajini, mutoto ya askari, mjukuu ya askari, watu ya Koboko. Zamani, mimi nikiwa mdogo, watu walikuwa wanakuja kuita yeye. "Sajini, kuja pimia sisi shamba." Anavaa buti, anasimama kwa pembe ya shamba, kifua mbele. Anajiamuru mwenyewe: "Mbele, tembea!" Anaenda, mkono inapanda inashuka, na sisi watoto yote nyuma yake tunahesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Tatu! Shakira alikuwa wa kwanza nyuma yake, gauni iko na tundu, anarefusha mguu mpaka karibu anaanguka. Vumbi inapanda. Tukimaliza, mwenye shamba anatoa miwa, tunakula njiani tukirudi. Hata uwanja ya mpira ya shule ilipimwa na mguu ya Baba. Hakuna mutu alibisha. Mpaka leo nikisikia harufu ya miwa, naona ile mgongo yake nyoofu mbele yangu.

Kwa hiyo hakuna mutu alicheka aliposema mguu.

Shakira akasema polepole, "Baba, pima tena. Sisi tuone."

"Unajaribu mimi?"

"Hapana. Zamani nilikuwa nahesabu nyuma yako. Leo pia nitahesabu."

Baba akaenda mpaka katikati ya barabara. Boda moja ikasimama kumpisha. Akanyosha shati, akajiamuru: "Mbele, tembea!"

Shakira akahesabu. Hata Mama alihesabu. Mguu ya kulia ya Baba ilikuwa inaburuta kidogo, tangu aanguke na baiskeli. Hatua ya kumi na tano ikafika sawasawa kwa mdomo ya shimo.

"Kumi na tano!" Baba akasema, jasho iko nachuruzika. "Mita kumi na tano. Munaona?"

Shakira akatoa tepu yake. Akapatia Jale mwisho moja, asimame katikati ya barabara. Yeye akavuta mpaka kwa kiatu ya Baba. "Yasiri, kuja soma."

Nikasoma. Nikasoma tena. "Mita tisa na robo tatu."

Mwenye boda akasema "Aa!" akaenda.

"Hiyo tepu ni mbovu," Baba akasema. "Vitu ya siku hizi."

Jale akakohoa. "Afande, mimi pia iko na tepu." Akatoa kwa mfuko.

"Wewe ulikuwa na tepu siku hizi zote?" Mama akauliza.

"Ya kupima vyumba, Mama Shakira. Kupima barabara, ningeanzia wapi? Sajini alikuwa amepima!"

Tepu ya Jale pia ikasema tisa na robo tatu.

"Baba," Shakira akasema, "kwa jeshi walifundisha hatua moja ni ngapi?"

"Inchi thelathini. Hiyo siwezi kusahau. Mwalimu alikuwa anapima na fimbo, ukikosa inachapa wewe."

"Mita moja iko na inchi thelathini na tisa, na kidogo juu. Hata ukiwa kijana, na mguu mzima, hatua kumi na tano haifiki mita kumi na mbili. Hatua ni hatua, Baba. Mita ni mita. Na mguu ya mutu inabadilika. Mutu akichoka hatua ni ingine, akizeeka ni ingine. Tepu haizeeki."

Baba akakaa chini kwa udongo ya shimo. Akaangalia mguu yake.

Jale akauliza, sauti ndogo, "Sasa ile shamba ulipima, yangu na ya jirani yangu Adrabo?"

Nikaona uso ya Baba. Nilitaka kupiga Jale na jiwe. Lakini Shakira alijibu haraka. "Shamba yenu ilipimwa na mguu moja, siku moja, yako na yake. Mulikubali, mukapanda miti ya mpaka. Hapo hakuna mutu aliibiwa. Lakini barabara haikupimwa na mguu ya Baba. Ndiyo tofauti."

Basi nilifikiri imeisha. Haikuisha. Shakira akasema, "Tusogeze msingi nyuma, kwa shamba ya muhogo. Nafasi iko." Na Baba akasema hapana.

"Kwa nini, Baba? Muhogo tutapanda ingine."

"Si muhogo." Akaonyesha ile nyumba ya zamani. "Munajua nani alijenga hii?"

Tulijua. Nyanya yangu Kiden, mama yake. Walirudi kutoka Congo baada ya vita. Yeye alikanyaga udongo na miguu yake mwenyewe, akapaka ukuta na mkono. Wakati ule barabara ilikuwa njia ya mguu, nyasi pande mbili.

"Mimi nilitaka nyumba yangu isimame kando ya nyumba ya mama yangu," Baba akasema. "Bega kwa bega, kama watu kwa mstari. Mukiniweka nyuma kwa muhogo, mimi nimemuacha peke yake kwa barabara."

Mama akakaa kando yake na mwiko yake. Akasema, "Swadiki, yeye alijenga ili watoto wasinyeshewe. Na mimi sasa nalala na beseni."

Jioni Baba alisema, "Jale, kesho usikuje. Kesho mimi naenda ofisi."

Asubuhi akavaa koti. Tukapanda Arua Hill, mimi na yeye. Shakira alikuwa amesema wazi kwa ofisi: hii ni kesi ya baba yangu, mimi sitaiandika. Mwenzake, mama moja anaitwa Harriet, akapokea sisi.

"Karibu, Mzee. Kaa. Mimi nafanya kazi na Shakira, lakini leo usihesabu mimi kama mutoto. Uliza kila kitu."

Akafungua ramani kubwa kwa meza. Baba akavaa miwani. Alitafuta, alitafuta, kisha kidole ikasimama. "Hii ni sisi?"

"Ni nyinyi."

"Hapa mti ya ukwaju ilikuwa. Na hapa kisima. Hapa mama yangu alikuwa anauza mandazi. Hapa... hapa tulipita usiku na mizigo, tukikimbia." Alisahau ni ofisi. Harriet hakukata maneno yake. Kijana ya meza ingine pia akaja kusikiliza.

Kisha Harriet akaeleza. "Mzee, hii laini mbili ni barabara. Kati yake na nyumba ya watu iko nafasi. Hiyo nafasi si ya kupoteza. Bomba ya maji inapita hapo, nguzo ya umeme, mtaro ya mvua, na watoto ya shule wanatembea hapo bila kugongwa. Mutu akijenga ndani, maji inakosa njia, inaingia kwa jirani. Na siku barabara inakuja, nyumba inavunjwa. Kwa hiyo kabla ya jembe kugusa udongo, kuja hapa. Uliza ramani ya jiji inasema nini kwa ploti yako. Mpimaji aonyeshe mpaka yako na tepu. Mutu amesoma kuchora achore ramani ya nyumba. Leta hapa, tuangalie, tupatie wewe kibali. Na ukichimba msingi, ita sisi tuone kabla ya kumwaga simenti."

"Na nyumba ya mama yangu? Hiyo pia iko ndani ya laini."

"Ilikuwa hapo kabla ya ramani. Hiyo haiko na kosa. Tutaiandika kwa orodha ya nyumba ya zamani, ili watu ya barabara wakifika wazungumze na wewe kwa haki. Wewe pia weka karatasi yako yote pamoja. Lakini siku moja itaondoka, Mzee. Sitaki kudanganya wewe."

Baba akakunja miwani. "Awadifo," akasema. Yeye Mkakwa, akashukuru kwa Kilugbara, lugha ya watu ya hapa Arua. Nilijua amekubali.

Tulifukia shimo. Kuchora ilichukua wiki mbili, kibali ikachukua siku zake, na Baba alikuwa anaenda kuuliza kila Jumatatu, koti ileile. Harriet akaja kuona msingi mpya, nyuma kwa shamba ya muhogo. Baba ndiye alishika tepu, na Jale akichelewa kuvuta anaambiwa "Kuruta!" Mvua ya kwanza ilikuta bati juu. Usiku ule Mama hakuweka beseni. Alilala mpaka jua ikatoka, kitu mimi sijawahi kuona.

Mwaka uliofuata greda ya kuchonga barabara ikafika. Ilipita palepale tulikuwa tumechimba. Chini kidogo, jirani moja alikuwa amepaka pegi udongo ili isionekane, akajenga duka. Duka ilivunjwa kwa saa moja. Alikuja kwetu, na Baba hakumcheka. Alimpatia chai, akasema, "Sasa wewe ukianza tena, anzia kwa ofisi. Mimi nitakupeleka."

Kabla ya greda, watu ya barabara walikuwa wamekuja na ile orodha, wakakuta jina ya Nyanya, wakazungumza na Baba kwa haki. Wakapatia sisi siku ya kutoa vitu kwa nyumba ya zamani, kabla ivunjwe.

Siku hiyo Shakira alichukua ruhusa kwa kazi. Tulitoa kitanda, tukatoa masanduku, tukatoa jiwe ya Nyanya ya kusaga. Mama akafagia ndani, eti hawezi kutoa nyumba chafu. Shakira alisimama kwa ua, machozi inatoka, tekinishani mzima. Alisema, "Yasiri, hapo kwa kona nilizaliwa." Nikasema najua. Mimi pia nilizaliwa hapo.

Baba alibaki ndani. Tukangoja. Nikasogea kwa dirisha. Alikuwa amesimama katikati ya chumba tupu, mkono kwa ukuta, pale udongo bado iko na alama ya vidole. Alikuwa anaongea na mama yake, polepole, kwa Kikakwa. Kikakwa yangu ni ya kuomba maji tu, lakini hii nilielewa. Alikuwa anamwambia kwamba sisi hatukuenda mbali, kwamba iko nyumba ya matofali nyuma, kwa ile muhogo yake, na akikuja asitutafute kwa barabara.

Kisha akatoka, akafunga mlango.