Tulikimbia Giza Kwenye Barabara ya Likasi

Nina miaka arobaini na minne, sina mke, na karibu nusu ya maisha yangu nimeiishi katika miji ya watu. Ndola, Mbeya, Lusaka, kisha tena Ndola... Nimeuza dagaa, nimeosha malori, nimelinda bohari. Nikiwa huko nilikuwa naikumbuka Lubumbashi mpaka machozi. Nikirudi Lubumbashi, naanza kuukumbuka ule mji niliouacha. Ndivyo nilivyoumbwa!

Lakini safari iliyonivunja moyo, wasomaji wenzangu, haikuwa ya mbali. Ilikuwa ya Likasi tu, kwenda na kurudi siku moja.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Yaya Ntumba (kwetu dada mkubwa anaitwa yaya), katika mtaa wa Hewa Bora. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Aliuza vitenge sokoni, akanisomesha mpaka nikamaliza sekondari. Mume wake, Papa Mutombo, ni fundi cherehani, mtu mpole asiye na maneno mengi. Watoto wao wote wana nyumba zao Kolwezi. Kwa hiyo tulibaki watatu.

Nilikuta mtaa umejaa hofu. Watu wenye silaha walikuwa wameingia kwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Walichukua televisheni na simu, wakampiga baba wa nyumba mbele ya watoto wake. Tangu hapo kila familia ililala na sufuria na mwiko kando ya kitanda. Ukisikia kishindo unapiga sufuria, jirani anapiga yake, na mwisho mtaa mzima unalia! Yaya aliweka vyuma madirishani na kubadilisha kufuli za lango. Hata mchana aliangalia nyuma akitembea.

Ndipo ikafika siku ya kutoa kilio cha shangazi ya Papa Mutombo, kule Likasi. Kwetu, ukikosa siku hiyo ambayo familia inamaliza matanga, watakusema mpaka na wewe ufe. Ilibidi twende wote watatu. Yaya alikubali kwa sharti moja: kabla ya giza tuwe tumerudi. Nyumba isilale tupu!

Tulikodi gari dogo la kijana mmoja wa mtaani aitwaye Dido. Kama magari yetu mengi hapa, lilikuwa na usukani kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake, dereva akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni abiria wa mbele, aliyekaa kushoto. Dereva anamwuliza, "Iko wazi?" na yeye anajibu, "Pita," au, "Ngojea." Tumezoea hivyo. Tunampa abiria yeyote, hata bibi kizee anayesinzia, roho za watu wote garini... na hatushtuki!

Asubuhi nilikaa mbele mimi. Ile barabara ina malori ya madini mengi, marefu, mengine yanavuta tela mbili. Dido aliuliza, mimi nikajibu ngojea. Akauliza tena, nikajibu ngojea. Niliwahi kuosha malori ya namna ile, nayajua yanavyochelewa kusimama.

"Yaya, huyu mudogo wako ni taa nyekundu!" Dido alilalamika huku akicheka. "Na huyu mbele, tutafika Likasi na mvi."

"Mwache," Yaya alisema. "Alitembea inchi za bantu, mbali kule, akarudi na woga."

Tulicheka wote. Tulifika salama, ila tulichelewa, na aliyelaumiwa ni mimi.

Kule Likasi mambo yalikwenda polepole. Wazee walimsubiri mjomba mmoja, kwa sababu bila yeye nguo za marehemu hazigawanywi. Mjomba alifika saa ambayo watu walikuwa wameshachoka kuketi. Halafu ugali ukachelewa. Jua likaanza kuinama, na Yaya akawa hakai tena kitini.

Nilimwambia tulale hapo, turudi asubuhi. Alinitazama kama nimemtukana.

"Tulale? Na nyumba?"

Hapo nikajaribu kuzungumza nao kwa hesabu. Niliuliza mbele ya ndugu wote waliokuwa mezani: katika familia yetu, upande huu na upande ule, nani aliuawa na majambazi? Walifikiri. Walitazamana. Hawakupata hata mmoja. Nikauliza tena: na waliokufa barabarani? Majina yakaanza kutoka bila shida. Mjomba mwingine, aliyekuwa anauza samaki wa Kasenga. Binti ya binamu, aliyepanda pikipiki akienda shule. Baba yangu wa ubatizo, njia ya Kasumbalesa. Mtu mmoja akasema, na yule wa Kipushi je? Wanawake wakaanza kusikitika...

Nilidhani nimeshinda. Sikushinda!

"Gari ni ajali," Yaya alisema. "Ile ni Mungu. Lakini bandi, ule jambazi, ni muntu. Anatoka kwake, anakuya kukutafuta kwako, anakuangalia mu macho. Haiko kintu moja."

"Lakini kufa ni kufa, Yaya."

"Weye hauna nyumba," alinijibu. "Hauwezi kujua."

Ni kweli, sina nyumba. Mtu aliyezunguka miaka yote hiyo na kurudi na begi moja, neno lake lina uzito gani mbele ya ndugu? Nikachukua koti langu.

Garini nilikuta Papa Mutombo ameshakaa mbele, kushoto. "Leo macho ni miye," alisema, na ilikuwa mara chache sana kumsikia akitania. Dido akapiga usukani kwa furaha. Yaya alikaa nyuma ya mume wake. Mimi nilikaa nyuma ya Dido, upande ambao huoni kitu isipokuwa mgongo wa lori.

Kila Dido alipouliza, Papa Mutombo alijibu pita. Naye alikuwa anaona vizuri, sitamsingizia. Lakini Yaya alikuwa nyuma yake, anamgusa bega kila mara: "Papa, jua inaenda. Papa, jua inaenda!" Nilimwomba Dido apunguze mwendo. Yaya ndiye aliyejibu, si Dido. Alisema nikitaka polepole nishuke, nitembee kwa miguu, si nimezoea?

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia akiwa mzima. Hakuyasema kwa ubaya... Alicheka, akanipiga paja.

Tulikuwa nyuma ya lori lililobeba mawe ya shaba. Vumbi. Mwanga hafifu wa jioni, ule ambao wengine wamewasha taa na wengine bado.

"Iko wazi?"

"Pita."

Dido akatoka. Tulipofika katikati ya lile lori refu, nilisikia Papa Mutombo akivuta pumzi. Lori jingine, bila taa, lilikuwa linapanda kutoka bondeni. Mimi sikuliona. Niliona tu mkono wake ukienda kwenye kioo cha mbele, kana kwamba angeweza kulizuia. Dido alikanyaga mafuta, akalipita lori la shaba, akavuta usukani kulia. Sehemu ya mbele ikapita. Sehemu ya nyuma, upande wa kushoto, haikupita.

Upande wa Yaya!

Sitaeleza nilichokiona. Dido alivunjika mbavu. Papa Mutombo alipasuka kichwa kidogo. Mimi, nisemeje... mimi sikupata hata mkwaruzo. Nilikaa kando ya barabara nimemshika Yaya mkono mpaka watu wema wakatupakia. Alikuwa anapumua. Nilimwita, hakuitika.

Hospitalini alikaa siku chache bila kufungua macho. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilizunguka kitanda hadi kitanda, nikiwapa wagonjwa maji na kuwauliza kilichowaleta. Pikipiki. Lori. Teksi. Pikipiki. Huyu aligongwa akivuka, yule alianguka kutoka juu ya mizigo. Mmoja tu, mwisho wa chumba, alikuwa amekatwa panga na wezi. Na huyo ndiye aliyekuwa na wageni wengi waliokuja kusikia habari zake! Wengine hakuna aliyewauliza. Ajali, basi.

Yaya Ntumba alifariki asubuhi, Papa Mutombo akiwa amemshika mguu.

Nilipokwenda nyumbani kumchukulia nguo za maziko, nilikuta kila kitu mahali pake. Hakuna mwizi aliyekuja. Majirani walikuwa wamelinda lango kwa zamu.

Ndugu wa Likasi walikuja kuzika kwa basi dogo walilokodi. Tulitoka makaburini, tukala, na kabla sahani hazijaondolewa, mdogo wa Papa Mutombo akasimama na kupiga makofi: "Bantu ya Likasi, twende! Giza itatukuta mu njia, babandi!"

Nilikimbia, nikashika mlango wa basi. Niliwaomba walale. Tungetandika chini, tungeomba nafasi kwa majirani. Mbele, kushoto, alikaa mama mzee mwenye bakuli la chakula mapajani, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Papa, tumeelewa uchungu yako," dereva aliniambia kwa upole. "Lakini acha mlango. Unatuchelewesha, itabidi tukimbie."

Wasomaji wangu, nikauacha.

Walifika salama. Walipiga simu, nikasikia vicheko nyuma: "Umeona? Ulikuwa unaogopa bure!" Hata sisi, kabla ya siku ile, tulikuwa tumefika salama mara nyingi sana.

Papa Mutombo hashoni tena. Anakaa uani. Wakati mwingine ananiuliza kama na mimi ningesema pita. Namwambia ndiyo, ningesema. Simwambii kingine.

Nawaombeni, ninyi mnaosoma. Wezi wapo, fungeni milango yenu. Lakini mkipanga safari, msihesabu yale tu yanayosimuliwa mtaani; hesabuni pia mliowazika. Jua likiwakuta ugenini, laleni huko huko. Na ukikalishwa mbele, kushoto, ukaulizwa kama barabara iko wazi, nawe huna hakika, sema ngojea. Wakikucheka, waache wacheke. Sema ngojea...