Mkono Uliokula kwa Kushoto

Ilianza kwa tonge la ugali. Tangu kiharusi kimwangushe Bi Mwanaamina, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukining'inia tu, hauna habari na mtu. Mchana ule vidole vitatu vikatambaa mkekani hadi kwenye sahani, vikamega. Wewe na mimi tungeshangilia. Yeye aliuchapa.

"Toka! Ndiyo kwanza unapona, tayari huna adabu?"

Alikuwa mjane, peke yake katika nyumba kubwa pale Kasulu mjini. Marehemu mumewe aliuza vitambaa. Watoto wako pwani, wanapiga simu Idi kwa Idi. Kwao Tanga kula bila kukaribisha ni aibu, basi kila akitenga chakula husema kwa sauti, "Karibu tule," ingawa mkekani hakuna hata paka. Msimcheke. Upweke una mambo yake.

Aliyebisha hodi pale alikuwa mmoja tu: Venanti, Muha wa Kabanga, mtaalamu wa tiba ya sindano. Jumanne na Ijumaa alimchoma sindano nyembamba kama unywele, toka begani hadi kiganjani, kisha wakapiga soga nusu saa wakingoja zifanye kazi. Nusu saa ile bibi aliitamani kuliko hata kupona.

Ijumaa akamsimulia habari za tonge.

"Si nilikwambia, mama! Misuli inaamka," Venanti akafurahi, akapachika sindano zake.

Pakanuka nywele zilizoungua. Wakatazamana. Ndipo sindano ya kiganjani ikaanza kupanda, yenyewe, polepole, ikatoka, ikaanguka mkekani, ikafuatwa na ya kiwiko, na ya bega, na mkono ule wa ajuza wa miaka sabini na mbili ukakunja ngumi, ukakunjua, ukamdaka Venanti kifundo cha mkono na kumbana kwa nguvu za mpasua mbao, huku bibi mwenyewe akilia kwamba si yeye, wallahi si yeye.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Venanti akanong'ona. Alipochomoka, alikwenda mbio kumwita jirani, Maalimu Nurudini, wakarudi pamoja.

Maalimu alisoma mpaka kanzu ikalowa jasho. Mkono ukatulia.

"Huyu hakuvamia," akasema kwa sauti ya chini. "Ulimkaribisha chakula, bi mkubwa, akaitikia. Na wao, majini, hula kwa kushoto. Aliyemwita ndiye wa kumtoa. Mwambie aondoke. Mkono utakufa tena, lakini roho yako itasalimika. Ukimwacha, atauchukua mwili wote."

Bi Mwanaamina akafungua kinywa. Kisha akamgeukia Venanti.

"Jumanne utakuja, mwanangu?"

Venanti alikuwa akisugua kifundo chake. "Nitamtuma mwenzangu, mama."

"Mwenzako yupi?"

Venanti akainama kuokota sindano zake.

"Na wewe, Maalimu?"

"Nitakuombea dua. Hata nikiwa nyumbani, inafika."

Bibi akacheka kidogo, huku machozi yakimtoka. Aliumia, na hakuficha.

"Basi mwacheni. Huyu nilipomwita, alikuja."

"Astaghfirullahi, futa kauli!" Maalimu akafoka, lakini alishachelewa. Mkono wa kushoto ulikwishainuka. Ukampangusa bibi machozi, jicho hili, kisha lile, taratibu, kama apanguswavyo mtoto mchanga. Halafu ukashuka hadi shingoni, vidole vikaizunguka, vikakaa hapo.

Bi Mwanaamina hakuutoa. Aliinamisha shavu, akaulalia, akafumba macho.